Kibuyu Nilichokiruka Mlangoni

Idrisa mwanangu,

Salamu ndefu za barua nimezikata. Uko chumba cha pili, nakusikia unakaza kamba za mzigo na kuzilegeza tena, na mtu hamwandikii hujambo mtu anayemsikia akikohoa. Mambo ya safari mama yako amekwisha kukuambia: unga, shuka la pili kwa baridi ya Kondoa, kwa nani ulale na kwa nani usilale. Hapo sina la kuongeza. Nina jambo jingine, na tangu adhuhuri nimelianza mara tatu na mara tatu nimechana karatasi, mimi ambaye watu husema kalamu yangu haijui kusita.

Nianze na siku walipokuja wale wazee wawili kutoka upande wa Kondoa. Walipiga hodi, nikavaa koti. Unanijua. Mtu akipiga hodi kwangu ana barua ya kuandikiwa, au shauri la kupelekwa bomani, au anataka kusomewa gazeti la pwani na kunisikia nikiligombeza. Nikawakaribisha, nikaketi wima, nikangoja. Yule mrefu akanywa uji wake taratibu, akaweka bakuli chini, akasema, "Mwalimu, tumekuja kumtafuta mpwa wa Madeje."

Mpwa wa Madeje! Nyumbani kwangu, mbele ya vitabu vyangu, mtoto niliyemfundisha alifu kwa kijiti mchangani anaulizwa kwa jina la mtu mwingine. Nikawaambia, "Mpwa wa Madeje ana baba." Yule mrefu akacheka, akidhani ni utani. "Kila mtu ana baba, Mwalimu. Sisi tuna ziwa, na hatujui kulitunza. Tunamtaka mwenye kujua."

Nikacheka nao. Kisha nikatoka nje nikazunguka nyumba mara mbili.

Nimeandika katika maisha yangu juu ya majumbe wanaowauza watu wao, juu ya mashehe wa pwani wanaotuita washenzi huku wanakula asali yetu, juu ya wazungu wanaopima pembe za mnyama kabla hajapoa. Juu ya wivu sijaandika hata mstari mmoja, na kumbe ndio elimu niliyosoma muda mrefu kuliko Kiarabu na Kijerumani. Nimemwonea wivu mjomba wako tangu kabla hujazaliwa. Namwonea hata leo, ninapoandika. Usitarajie kwamba mwishoni mwa karatasi hii nitakuwa nimepona.

Utaratibu wa zamu unaujua kuliko mimi. Lakini wewe umezaliwa ndani yake kama mtu anavyozaliwa ndani ya lugha. Mimi nilikuja mtu mzima, mgeni kutoka Kondoa, mwana wa wachuuzi wa misafara, nikautazama kwa nje. Niliona ziwa lisilo na mwenyewe. Niliona nyumba zikitoa mtu mmoja kila siku, bila ujira wala amri, akashinde ukingoni awaonyeshe wapita njia pa kuteka maji na pa kulala, awazuie wasipige kambi kwenye njia ya wanyama, tembo na pofu, afukuze mbwa kwenye viota vya mwari, na jua likianza kushuka awaambie wote, awe mpagazi au mzungu, waondoke kwa kuwa sasa maji ni ya wanyama. Niliona kwamba mtu wa zamu siku hiyo hanywi maji ya ziwa wala hali samaki wake. Anabeba maji ya nyumbani katika kibuyu, ili asiwe mlinzi mwenye kinywa ndani ya anachokilinda. Jioni anakiweka kibuyu kitupu mlangoni pa nyumba ya pili. Ukiamka ukakikuta, siku ni yako. Na kama mwenye nyumba ana msiba au homa, anayekiokota ndiye mwenye zamu, na hapana wa kumwuliza.

Hiyo desturi ya mwisho ishike. Nimejificha nyuma yake miaka kumi na mitatu.

Mwaka nilipohamia hapa na mama yako niliona kibuyu kile nikasikitika. Watu wazima wanaendesha jambo kubwa kwa boga lililokauka! Nikawachorea karatasi, mistari kwa wino mwekundu, nyumba upande huu, siku upande huu. Nikaipeleka barazani. Mjomba wako ndiye aliyekuwa mkubwa wa zamu. Aliishika kwa mikono miwili kama mtu aliyepewa mtoto mchanga, akaigeuza.

"Shemeji, karatasi hii nzuri. Ikinyeshewa, zamu itakuwa ya nani?"

"Nitaandika nyingine."

"Na ukisafiri, nani atatusomea?"

"Nitawafundisha kusoma."

"Basi anza na kutufundisha, karatasi ifuate. Maana leo ukituambia hapa pameandikwa Madeje, kesho Madeje, keshokutwa Madeje, mimi nitakubishia na nini?"

Watu walicheka mpaka mama mmoja akakaa chini. Mjomba wako hakucheka. Alinirudishia karatasi kwa adabu, na adabu ile ndiyo iliyonichoma. Ningempa jibu la nusu saa kama angenitukana. Lakini alikuwa ameuliza swali la haki, na mke wangu alikuwa amesimama pale na kucheka pamoja na wenzake.

Kisha ukazaliwa wewe.

Nilikuwa nimepanga uwe wangu. Sioni njia nyingine ya kulisema. Nilikuwekea vitabu kabla hujaota meno. Lakini ulipojua tu kutembea, ulitembea kuelekea ziwani. Mjomba wako alikuwa akipita alfajiri, anatoa salamu yake ya Kigogo, "Mbukwa", mlangoni, na wewe unatoka mbio bila kunawa uso. Unarudi jua limekwisha, miguu yote matope, una habari za ndege. Ukaanza kukohoa kama yeye kabla ya kusema neno, nawe kifua chako kizima kabisa. Siku moja ukaniuliza, "Baba, mwari analala amesimama au amekaa?" Nikakujibu nitatafuta kitabuni. Ukanitazama kwa huruma. "Basi usisumbuke. Nitamwuliza mjomba, yeye hatafuti."

Mama yako alicheka mpaka akamwaga mchuzi. Mimi nilikaa na vitabu vyangu usoni, sisomi kitu.

Sasa nakuja kwenye siku yenyewe. Ulikuwa na miaka sita.

Kibuyu kilikuwa mlangoni pangu. Nilikiona. Nataka usome sentensi hiyo vizuri: nilikiona, kilikuwa kimelalia ubavu, kamba yake imefungwa upya. Asubuhi ile nilikuwa na barua ya gazetini. Bwana mmoja wa pwani alikuwa ameandika kwamba watu wa bara hawakuwa na utaratibu wowote kabla ya kuja kwa boma, na damu ilinichemka. Nilikuwa nimeamka na jibu zima kichwani, na mfano wangu mkubwa, Idrisa, ulikuwa zamu ya ziwa letu. Nilitaka kumwonyesha bwana yule jinsi watu wasiolipwa wala kuchapwa wanavyojitolea siku zao. Nikainua mguu, nikakiruka kibuyu, nikaenda kukaa kivulini upande wa pili wa nyumba, nikaandika sifa za zamu huku zamu yangu imelala mlangoni.

Usinionee huruma ukasema nilisahau. Sikusahau. Nilijiambia: leo waone kama boga linaweza kutembea lenyewe. Wangekuwa na karatasi yangu, jina langu lingesomwa na ningekwenda. Nilitaka siku moja iharibike, kidogo tu, kusudi nipate kusema, "Je, niliwaambia nini?"

Mchana mjomba wako alipita, akakiona. Hakuniita. Mama yako alitoka akamjazia maji kutoka mtungini, naye akakitia kibuyu begani akaenda. Nilimsikia. Niliendelea kuandika.

Alikuta mzungu mmoja mpita njia, mwenye bunduki na wapagazi, amefika tangu asubuhi na amesimamisha mahema katikati ya njia ya tembo, mahali pazuri, penye kivuli, pasafi kwa kuwa tembo wenyewe ndio wanaopasafisha. Mjomba wako aliwaeleza. Wapagazi walimwelewa upesi, wakaanza kung'oa vigingi vya mahema. Mzungu akawaamuru wavipigilie tena. Asubuhi, kabla hema halijasimama, mtu mmoja wa kusema "si hapa, pale" angetosha. Mchana ilikuwa ni kumwambia mtu aliyekwisha kuvua viatu. Magharibi tembo wakaja kwa saa yao na kwa njia yao. Mahema yaliraruka, na mpagazi mmoja, kijana wa Kinyamwezi, akavunjika mguu.

Siku ya tatu tuliitwa bomani, mjomba wako kama mkubwa wa zamu, na mimi kama mkalimani, kwa kuwa hapakuwa na mwingine mwenye Kijerumani. Bwana mkubwa alikuwa na haraka. Aliniuliza kwa lugha yake, "Mwulize: zamu ya siku ile, tangu asubuhi, ilikuwa ya nani?"

Sikumwuliza. Nilijibu mwenyewe, kwa Kijerumani kilichonyooka ambacho mwalimu wangu angekisifu, kwamba ilikuwa ya huyu Madeje na kwamba alichelewa. Kisha nikamgeukia mjomba wako, nikamwambia kwa Kigogo, "Anauliza nani alikiokota kibuyu."

Akanitazama. Haikuwa kwa hasira. Akainua mkono, akasema, "Mimi."

Bwana mkubwa aliuona ule mkono. Hakuhitaji tafsiri.

Walimlaza uwanjani wakampiga mijeledi ishirini na mitano. Nilisimama kando nikitazama viatu vyangu. Siku nzima ile sikuona kitu kingine kwa makini kama viatu vile.

Tuliporudi, watu walikusanyika. Jirani yetu, aliyekuwa ameweka kibuyu mlangoni kwangu, akafungua kinywa kusema. Mjomba wako akamkata: "Nilikiokota mimi. Aliyekiokota ndiye mwenye zamu. Kuna desturi nyingine siijui?" Neno likaenea kwamba Madeje alilala zamuni, na yeye hakulirudisha. Yule mpagazi wa Kinyamwezi alilala nyumbani kwa mjomba wako mpaka mguu ukaunga, mmoja kifudifudi, mmoja chali, wanasimuliana. Mimi sikwenda hata mara moja kuwatazama. Mvua zilipoanza mjomba wako akahama na mkewe kwenda Mkonze kwa wakwe zake. Na mimi, mwanangu, nikafanywa mkubwa wa zamu. Nikabandika karatasi yangu ya wino mwekundu. Hakuna aliyeisoma. Walinisikiliza barazani, wakaitikia, kisha kibuyu kikaendelea kupita mlango kwa mlango nyuma ya mgongo wangu, kikiruka mlango wangu. Kwa miaka kumi na mitatu hakijawekwa kwangu hata mara moja. Ulipouliza kwa nini, nilikuambia mkubwa hapewi zamu.

Nawe ukaendelea kumpenda. Ulikwenda Mkonze kila ulipopata nafasi, na kila uliporudi nilikuuliza kwa ukali, "Amekuambia nini?" Ulidhani nawachukia akina mjomba. Nilikuwa naogopa. Mara moja ukaniambia, "Nilimwuliza kama kweli alilala siku ile. Akasema, nilichelewa." Basi. Nilichelewa! Hata kimya chake nakionea wivu. Mimi sijawahi kunyamazia jambo lolote isipokuwa lile moja lililotaka kusemwa.

Unanijua kwa mabishano, kwa hiyo nikupe na utetezi wangu, usije ukautafuta mwenyewe na kunihurumia nao. Kwa desturi, aliyekiokota ndiye mwenye zamu. Kwa hiyo niliyomwambia bwana mkubwa yalikuwa kweli. Nimeishi ndani ya hoja hiyo kama mtu anavyoishi ndani ya nyumba inayovuja, akihamisha kitanda kila mvua ikija. Lakini bwana mkubwa hakuuliza habari za kuokota. Aliuliza tangu asubuhi. Na asubuhi kibuyu kilikuwa changu. Desturi ile iliwekwa kwa ajili ya mtu mwenye homa na mwenye msiba. Sikuwa na homa. Nilikuwa na shemeji anayependwa.

Ningeendelea kunyamaza. Nakuapia, ningeendelea. Lakini juzi uliwaambia wale wazee wa Kondoa, nami nikiwa nimekaa hapo hapo: "Kwenu tutaanza na sheria kali. Atakayelala zamuni atolewe mbele ya watu wote. Sisi tulimwonea aibu mkubwa wetu, mjomba wangu mwenyewe, tukaacha mambo yapite, na ziwa halikuwa lile tena." Wakatikisa vichwa kwa kukubali. Walikuwa wamekuja kukutafuta kwa jina la Madeje, wakatoka hapa na Madeje mwingine, yule niliyemtengeneza mimi kwa Kijerumani. Na mimi niliyakubali maneno yako kwa kichwa, Idrisa. Nilitikisa kichwa pamoja nao. Na nikuambie ubaya wake wote: kwa dakika moja nilifurahi. Nilijisemea, hatimaye mtoto amemwona mjomba wake ana kasoro.

Leo mama yako aliingia hapa na nguo zako mkononi.

"Baba Idrisa, utamwambia wewe, au nimwambie mimi?"

Nikajifanya sielewi. "Nini?"

"Usinifanye mimi ni gazeti lako. Mimi ndiye niliyemjazia kaka yangu maji. Nimenyamaza miaka yote kwa sababu aliniomba, sikunyamaza kwa ajili yako."

"Alikuomba nini?"

Akaziweka nguo chini. "Kesho yake, mgongo haujakauka, alikuja jikoni. Akasema, 'Mtoto ana miaka sita. Asimjue baba yake kama mtu wa kulazwa mchangani. Mimi si baba yake, mimi naweza.' Ndiyo maneno yake. Lakini sasa mtoto ni mtu mzima, anakwenda kuwafanyia watu sheria kwa uongo wako. Kaka yangu alikubali kuchapwa. Kufanywa mfano wa ubaya Kondoa nzima hakukubali, hakuna aliyemwuliza."

Kwa hiyo hata hilo. Hata ubaba wangu alinilindia yeye, na mgongo wake. Nilipomsikia mama yako, jambo la kwanza lililonijia halikuwa shukrani. Nilikasirika kwamba ni yeye aliyelifikiria. Ndivyo wivu ulivyo, mwanangu. Unapewa zawadi na unamchukia mtoaji kwa ukubwa wa mkono wake.

Sikuandikii haya ili nikufundishe kuendesha zamu. Unajua. Sheria kali utakayoiweka au kuiacha, ni juu yako na wale wenye ziwa lao. Nakuomba tu usiijenge juu ya mjomba wako. Kama unahitaji mfano wa mtu aliyeharibu, chukua wangu: mtu aliyelipenda jambo lionekane lake kuliko alivyopenda lifanyike. Utakutana na wengi wa namna hiyo, na huenda watakuwa ndio wenye maneno mazuri kuliko wote barazani. Huenda siku moja atakuwa wewe, akija kijana anayejua viota kuliko unavyojua, na watu wakaanza kumwuliza yeye. Utausikia wivu huu. Mimi sijui dawa yake. Najua tu nilichokifanya nilipousikia.

Karatasi hii naiweka juu ya mzigo wako sasa hivi, jua bado lipo. Nilifikiri kuificha ndani ya shuka uikute Kondoa, kisha nikaona ni ujanja uleule. Ungeisomea mbali, nami niko hapa salama, nimesifiwa kwa kusema kweli na sijaonwa na mtu. Isome ningali chumba cha pili. Ukitaka kuingia ukanitukana, mlango uko wazi. Ukitaka kunyamaza, nitajua kwamba umesoma, maana kamba zitaacha kukazwa.

Kesho usiniage hapa. Njia yako inapita Mkonze, nami nitafuatana nawe mpaka kwa mjomba wako, ukiniruhusu. Hajui kusoma, kwa hiyo barua haimfai, na mimi nimezoea kujificha nyuma ya barua. Nitasema kwa mdomo, mbele yako na mbele ya mkewe na ya wakwe zake, kwa Kigogo, lugha ambayo siku ile niliitumia kumwuliza swali ambalo halikuulizwa. Nitamwambia: zamu ilikuwa yangu, na mijeledi ilikuwa yangu. Kisha nitarudi hapa niwaambie na hawa, barazani, na waniondoe.

Sijui atajibu nini. Namwogopa kuliko nilivyowahi kumwogopa bwana wa boma. Huenda atasema tu "Mbukwa, shemeji, kaa," na hilo litakuwa gumu kuliko kofi.

Mkishaagana, utaendelea na njia ya Kondoa, naye atataka kukusindikiza. Mwache akusindikize. Mimi nitabaki uani kwake, niwatazame mnavyokwenda pamoja, mnakohoa kikohozi kimoja. Nitaona wivu. Nakuambia mapema, usije ukageuka nyuma ukadhani nalia kwa sababu nyingine. Lakini sitawafuata, na sitamwita arudi.

Mimi, baba yako.